Uwanja Chini ya Vitenge

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Asubuhi hiyo Iyunga, hapa Mbeya, ilikuwa na ukungu mzito na baridi ya kuuma masikio. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye mabati ingawa mvua haikunyesha, na upepo ulikuwa umetulia kabisa. Nilisimama mlangoni kwangu nikamshukuru Mungu kwa utulivu huo, maana upepo ukivuma, mabati ya ukumbi wetu hugongana, na mchezo wetu hauchezeki penye kelele.

Kabla ya kuandika habari hii nimesali nisiandike kwa hasira. Nimesali mara nyingi. Hasira bado ipo, kwa hiyo nitaandika nayo.

Mimi naitwa Faustina, wengi huniita Mama Peter. Macho yangu yalizimika polepole nikiwa tayari nina watoto. Nukta nundu nilijifunza ukubwani, katika madarasa ya jioni ya Mwalimu Gwakisa, ambaye yeye anaona, na ni huyo huyo Gwakisa aliyetuletea mpira wa kengele. Mpira wenyewe ni mzito, una kengele ndani. Kila upande una wachezaji watatu, na wote hufungwa vitambaa machoni, hata yule anayeona kidogo, ili asiwepo wa kumzidi mwenzake. Mmoja anaubingirisha mpira kwa nguvu zake zote sakafuni. Wale wa upande wa pili wanausikiliza unavyokuja, wanajitupa chini kwa ubavu, wanauzuia kwa mwili. Ukiwapita, ni goli.

Mistari ya uwanja ni kamba nyembamba iliyolazwa sakafuni na kubandikwa kwa utepe wa gundi, ili kidole na unyayo viweze kuisoma. Bila kamba hujui ulipo wewe. Bila kimya hujui mpira uko wapi. Hayo ndiyo tunayohitaji, kamba na kimya. Ukumbi wetu uko jirani na barabara kuu, na malori ya Tunduma hupita usiku na mchana. Lori likipita, tunasimama, linakwenda zake, tunaendelea. Dereva hajui kwamba tupo. Simlaumu. Watu ninaowaandika hapa walijua.

Siku hiyo haikuwa yangu, ilikuwa ya Naima. Naima ni binti wa Mzee Nasri, mfanyabiashara wa vitenge na khanga, ambaye babu yake alipanda kutoka Pwani na bidhaa zake akabaki Mbeya. Binti alizaliwa haoni. Aliishi ndani ya ua wa baba yake, akilishwa vizuri na kuvishwa vizuri, mpaka alipokuja darasani kwetu akiwa msichana mkubwa asiyejua kuvuka barabara. Lakini ana mkono! Mpira ukitoka kwa mtu mwingine unasikia kengele, moja, nyingine, nyingine. Ukitoka kwa Naima, kengele zote zinaungana kuwa sauti moja, na sauti hiyo ikikufikia umeshachelewa.

Kocha Ruwaida, anayezunguka mikoani kutafuta wachezaji wa kambi ya timu ya taifa, alikubali kuja kutuona. Mzee Nasri alitoa masharti yake dukani, mbele yangu na Mwalimu Gwakisa.

"Acheze hapa hapa Iyunga, huyo kocha amuone mara moja," alisema. "Akimtaka, kwa kuwa ni mwanamke mwenzake, nitamruhusu. Asipomtaka, mpira ndiyo basi. Binti asiyeona kupanda mabasi, kulala ugenini, watu wakimkodolea macho, sitaki kusikia."

"Utakuja kumtazama?" nilimuuliza.

"Kumtazama akigaagaa chini? Hapana, Mama Peter. Moyo wangu haufiki huko."

Kwa hiyo Naima alikuwa na mlango mmoja, nao ulikuwa siku hiyo.

Timu pinzani ilitoka Igowole, Mufindi. Nahodha wao ni Severina, mama mwenye sauti nzito na mdomo usiopumzika. Tulikuwa tumepiga magoti na Mwalimu Gwakisa tukikagua kamba kwa vidole, kona kwa kona, tukamsikia anaingia na salamu ya kwao.

"Kamwene, Mbeya! Tulisema tukimbie baridi ya Igowole tuje tuote moto kwenu, kumbe mmetupokelea kwenye friji!"

"Utapata joto sasa hivi, dada Severina," Naima alimjibu. "Leo utalala sakafuni mpaka uisahau njia ya kwenu."

"Huyu ni nani huyu? Mtoto wa nani anayenitukana kabla sijanywa chai?"

Tukacheka wote. Hicho ndicho kicheko cha mwisho nilichokisikia kwa Naima siku hiyo.

Mchezo wetu uliwekwa ndani ya bonanza, na bonanza lilikuwa na kamati, na mwenyekiti wa kamati alikuwa Bwana Kasian. Alikuja na mshereheshaji, na mshereheshaji alikuja na maspika makubwa ambayo yalitutetemesha matumbo yalipojaribiwa.

"Mwenyekiti," Mwalimu Gwakisa alimwambia, "kelele inaua mchezo huu. Naomba watu waambiwe wanyamaze mpira ukiwa unachezwa. Goli likiingia washangilie wanavyotaka, kisha wanyamaze tena."

"Mwalimu, watu wakae kama wako msibani? Mgeni rasmi akikuta ukumbi umenuna, mimi nitamwambia nini?"

"Hata msibani watu wanalia," nilisema. "Sisi tunaomba kimya cha dakika chache tu, baba."

"Sawa, mama yangu, sawa. Ninyi chezeni, mambo mengine mtuachie sisi."

Akanipigapiga begani kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Nilijiambia, Faustina, usiharibu siku ya binti.

Mgeni rasmi alichelewa. Tukasubiri tumefungwa vitambaa, jasho la kujinyoosha likitupoa mgongoni. Mwishowe Kocha Ruwaida alisema basi lake la kuelekea Iringa halitamsubiri mgeni rasmi, na kwamba tuanze. Nilipiga ishara ya msalaba. Kushoto kwangu Naima alisema bismillahi. Kulia alikuwa Blessing, mchezaji wetu wa tatu, na yeye huwa haombi kwa sauti. Filimbi ya Mwalimu Gwakisa ikalia.

"Kimya, tafadhali. Cheza!"

Na watu walinyamaza, Mungu ni shahidi. Severina aliutupa mpira, nikausikia unakuja upande wangu, nikajitupa, ukanigonga mbavuni, nikaushika. Nikamsukumia Naima. Nilisikia unyayo wake ukitafuta kamba, ukaipata, akarudi hatua zake, akakimbia. Sauti ile moja. Wa Igowole walijitupa, miili yao ikapiga sakafu, na nyuma yao mpira ukagonga ukuta.

Goli.

Ukumbi ulilipuka. Vigelegele, makofi, miguu. Nami nilipiga kelele, kwa nini nisipige? Lakini filimbi ililia tena, Mwalimu Gwakisa akaomba kimya, na kimya hakikuja. Mshereheshaji alikuwa ameshawasha muziki. "Mikono juu kwa malaika wetu! Jamani hawaoni hawa, lakini oneni wanavyojitahidi!" Mwalimu Gwakisa akamfuata kumsihi auzime, wimbo ukapita mzima, akina mama wakaendelea na vigelegele, na katikati ya vigelegele hivyo Igowole, waliodhani wamesikia ruhusa, wakatupa mpira.

Sikuusikia. Nilitambaa kurudi kwenye mstari wangu nijipange, nikapeleka mkono mahali kamba inapokaa. Nikagusa kitambaa. Nikapeleka mkono mbele zaidi, kitambaa. Nyuma, kitambaa. Kilikuwa kipya, kigumu bado kwa ile dawa ya dukani, na chini yake sakafu yote ilikuwa sawasawa, haina mwanzo wala mwisho. Nikainuka nikakanyaga, kikateleza pamoja na mguu wangu, nikaanguka kwa goti.

"Dada Faustina!" Naima aliita. Sijawahi kuisikia sauti yake namna ile. "Dada Faustina, uwanja umekwenda wapi?"

Mpira ulikuwa umesimama miguuni pake, na sheria haimpi mtu muda mwingi wa kukaa nao. Akatafuta kamba kwa unyayo, hakuipata, akageuka, akageuka tena, akatupa. Nilisikia viti vikianguka na mtu akipiga yowe. Alikuwa ameutupa kwa watazamaji.

Walimpigia makofi. Hicho ndicho ninachoshindwa kukisamehe. Wangemzomea ningeelewa, maana mchezaji akikosea huzomewa. Walimpigia makofi. Mama mmoja karibu yangu akasema, "Masikini, amejitahidi jamani, hongera mwanangu."

"Simamisha!" Mwalimu Gwakisa alikuwa akipuliza filimbi hadi ikakauka. "Nani ametandika nguo? Ziondoeni!"

Lakini wakati huo huo maspika yalitangaza kwamba mgeni rasmi amewasili, na kila mtu akasimama. Kisha nikasikia viti vinakokotwa. Viliingizwa uwanjani, kwa sababu meza ya mgeni rasmi ilitakiwa kuwa katikati. Mguu wa kiti ukinasa kwenye kamba, utepe wa gundi unachanika na kutoa sauti kama nguo kuukuu inayopasuliwa. Niliisikia sauti hiyo upande wa kushoto, kisha wa kulia, kisha golini kwetu. Mistari tuliyoilaza kwa magoti tangu alfajiri ilikuwa inang'olewa.

"Bwana Kasian," ilikuwa sauti ya Kocha Ruwaida, "mnang'oa uwanja."

"Kocha, wameshacheza, tumeona, wamefanya vizuri sana! Sasa ni muda wa zawadi."

"Mimi sijaona kitu."

"Zawadi kwanza, mama. Ratiba imebana."

Nilikuwa bado nimekaa chini nimeshika goti. Mkono wa mtu ukatua kichwani kwangu na sauti ya kike ikaanza kumkemea shetani wa upofu atoke. Mimi ni mtu wa sala. Naamka kusali, nalala nikisali, na Mungu anajua ni mara ngapi nimemwomba kuhusu macho haya, na alichonijibu ni kati yangu na Yeye. Niliutoa ule mkono kichwani kwangu.

"Mama, niombee ukiwa kwako. Hapa nilikuwa nacheza mpira."

"Sasa tunamwita mama yetu wa kwanza!" mshereheshaji alitangaza. "Mama Faustina aje apokee sabuni, sukari na blanketi kutoka kwa mgeni rasmi! Makofi kwake!"

Nililala. Nililala kwa ubavu pale pale, mikono imenyooka juu ya kichwa, kama mtu anayeuzuia mpira.

"Mama Peter, inuka, unaitwa," Bwana Kasian alininong'oneza.

"Siinuki."

"Umeumia?"

"Ndiyo. Lakini siyo hilo linalonilaza."

"Faustina!" Severina aliita kutoka upande wa pili. "Uko wapi? Mbona watu wako kimya sasa, wakati hatukihitaji?"

"Nimelala golini. Wameng'oa uwanja wanataka kutupa sabuni."

"Sabuni? Mimi nimetoka Mufindi nikiwa mchafu?" Nikamsikia anakuja, akigongana na viti na kuvisukuma. "Sogea nilale."

Akalala. Wenzake wawili wakalala. Blessing akalala. Sita hatukuwa, maana Naima alikuwa amebaki wima mahali fulani, simsikii. Meza ya mgeni rasmi haikuwa na pa kupita. Mshereheshaji akazima maspika mwenyewe.

"Mnatia aibu," alisema Bwana Kasian, na sasa hakunong'ona. "Watu wamejitolea mali zao kwa ajili yenu, mnalala chini kama walevi mbele ya mgeni!"

"Nani alikuomba sabuni?" nilisema. Nilikaa. "Sisi tulikuomba kitu kimoja tu tangu asubuhi. Kimya! Huhitaji mfadhili kupata kimya, Bwana Kasian. Kufunga mdomo tu. Ukaleta maspika. Huyu binti alikuwa na siku moja, moja tu, na mmeila ninyi kwa makofi. Na nani ametandika nguo uwanjani? Aseme! Mna macho wote, mmemwona!"

Lori likapita barabarani, na kwa mazoea sisi wote wachezaji tukasubiri lipite.

"Ni mimi," alisema mtu.

Niliijua sauti hiyo. Ilikuwa ya Mzee Nasri, aliyesema kwamba hatakuja.

"Nilisimama mlangoni," alisema, "nikasema nichungulie tu. Nikamwona anafunga goli. Mwanangu, watu wote wanamshangilia. Nikakimbilia dukani, hapo ng'ambo ya barabara, nikabeba mzigo, nikawapa akina mama wamtandikie. Kwetu mtoto akikuletea heshima unamtandikia, mguu wake usiguse vumbi. Kosa langu ni nini, Mama Peter? Ni vitenge vizuri. Vipya."

Nilifungua mdomo nimjibu vibaya. Naima aliniwahi.

"Baba, vua viatu."

"Nini?"

"Vua viatu na soksi. Njoo hapa nilipo."

Nilisikia viatu vikiwekwa chini. Nilisikia Naima akivua kitambaa chake cha macho, na baba yake akisema, "Wewe, Naima, mbele za watu?" na Naima akimwambia ainame. Akamfunga.

"Sasa piga magoti. Nionyeshe mstari uko wapi. Bado upo mmoja, nimeugusa, hawajaufikia na viti vyao."

Mzee yule alipiga magoti. Viganja vyake vilipapasa juu ya vitenge vyake mwenyewe, huku na huku, vikitoa sauti kavu. Alipapasa kwa muda mrefu. Mtu alicheka nyuma, akanyamazishwa.

"Hakuna mstari hapa," alisema.

"Upo."

"Hakuna, mwanangu. Ni nguo tupu."

Naima akavuta kitambaa, nikakisikia kinapita sakafuni. Kisha, nadhani, aliuchukua mkono wa baba yake. Kidole kikapita juu ya kamba, krr, taratibu, kikarudi, krr.

"Hapo ndipo ninaposimama," Naima alisema. "Ndilo goli langu hilo, ndio upande wangu, ndiyo njia ya mpira. Sina pengine pa kusimama, Baba. Umepafunika ukanitandikia nguo, na spika juu yake. Kocha ameniona nikiwarushia watu mpira kama kichaa."

Mzee Nasri hakuinuka. Ukumbi ulinyamaza kabisa, kile kimya tulichokuwa tumekiomba, kimekuja uwanja ukiwa umeshang'olewa. Nilitamani kupiga kelele kwa sababu hiyo.

"Kocha," Mwalimu Gwakisa alisema, "tukibandika upya?"

"Utepe mnao?"

"Umekwisha."

"Na basi langu linaondoka." Kocha Ruwaida alikuja karibu yetu, akachuchumaa. Hakusema kwa sauti ya huruma, na kwa hilo ninamheshimu. "Naima, nimesikia mpira mmoja mzuri sana. Mpira mmoja hautoshi kumpeleka mtu kambini, kuna wasichana kwingine nimewatazama mchezo mzima. Jumamosi ijayo nitakuwa Igowole kuwatazama hawa wa Iringa kwao. Mbeya mkija kucheza nao huko, nitakutazama mchezo mzima. Usipokuja, sitakuwa na cha kusema juu yako."

"Njooni," alisema Severina kutoka sakafuni. "Kwetu maspika hakuna. Umeme wenyewe tunabembeleza."

Hakuna aliyecheka, maana wote tuliyajua masharti ya Mzee Nasri. Igowole ni basi, na kulala ugenini.

"Haya, jamani, tumalize," alisema Bwana Kasian. "Mgeni rasmi anasubiri. Mambo ya kifamilia yatazungumzwa nyumbani."

"Yatazungumzwa hapa!" nilisema. "Zawadi zako zipeleke nyumbani kwako. Mzee Nasri, masharti uliyatoa mbele yangu, na heshima ulimtandikia mbele ya watu. Sasa sema mbele ya watu hao hao. Anakwenda au hamalizi hata mchezo mmoja maishani mwake?"

Najua si hivi mwanamke anavyosema na mzee wa watu. Nimeungama ukali wangu kwa padri. Maneno yenyewe sikuyaungama.

Mzee Nasri aliinuka. Goti lake lililia. Sikusikia akifungua kitambaa machoni. Mwalimu Gwakisa aliniambia baadaye kwamba alisema yote akiwa amefungwa vile vile, ameelekea upande usio wa watu, akizungumza na ukuta.

"Mniwie radhi, siwaoni," alisema. "Mimi Nasri, mbele ya Mwenyezi Mungu na mbele yenu wote, nasema: Jumamosi ijayo Naima atacheza Igowole. Nitampandisha basi mimi mwenyewe, na atakapolala ugenini nitalala mlango wa pili. Akichukuliwa, aende popote mpira wake unapokwenda. Na mchezo ukianza, mkinisikia nimefungua mdomo, hata kukohoa, Mama Peter, nikamate shati unitoe nje."